Nyumba ya watawa itazamwe kabla ya picha zake

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua kuhusu makala za safari zinazowaelekeza wasomaji kwenye makanisa ya kale na nyumba za watawa zilizogeuzwa makumbusho. Nyingi hutaja picha moja maarufu, saa za kufungua na bei ya tiketi, basi. Msomaji akifika huko anapita mbio vyumba vyote kuifuata picha hiyo, anaipiga picha kwa simu, anatoka. Nyumba yenyewe, ambayo ndiyo kitu kikubwa kuliko vyote vilivyomo, hakuiona.

Nyumba hizi zilijengwa kufuata saa za siku ya mtawa: sala, kazi, chakula, kimya, usingizi. Kwa hiyo mgeni asianze na chumba kilichobandikwa namba 1. Aanze na ua wa ndani, ule wa mraba uliozungukwa na baraza la nguzo. Asimame karibu na kisima, atafute kanisa liko upande gani. Ulaya mara nyingi liko kaskazini mwa ua, ili ukuta wake mrefu usizibe jua. Upande wa mashariki kwa kawaida kuna ukumbi wa mkutano, walikosomewa kila siku sura ya kanuni yao, na upande unaolikabili kanisa kuna ukumbi wa chakula. Penye mlango wa ukumbi huo watazame ukutani: hori la jiwe la kunawia mikono. Ndani ya ukumbi, juu, mara nyingi kuna kimimbari chenye ngazi nyembamba, alikosimama msomaji wakati wenzake wanakula bila kusemezana. Wageni wengi hupita chini yake bila kuinua macho.

Kwenye nyumba za masista kuna jambo jingine. Tafuteni wavu wa chuma kati ya kanisa na kwaya yao, yaani sehemu walikoimbia sala, na karibu na lango sanduku la mbao linalozunguka kama pipa lililosimamishwa. Watu hudhani ni kabati. Ndilo lililopitisha mkate, dawa na barua bila aliye nje kumwona aliye ndani. Huko Arequipa, Peru, monasteri ya Santa Catalina, iliyoanzishwa mwaka 1579, ilifungua milango kwa umma mwaka 1970, na masista wangali wanaishi katika sehemu yake. Ni mji mdogo ndani ya ukuta, una vichochoro vyenye majina ya miji ya Hispania. Mahali pa kufulia kuna mitungi mikubwa 20 ya udongo iliyopasuliwa katikati na kulazwa pande mbili za mfereji. Maji yanapita kati, na anayetaka kujaza mtungi wake anauelekezea maji kwa mkono. Dakika tano hapo zinafundisha maisha ya nyumba ile kuliko maelezo yote ya ukutani.

Kosa la pili ni kuamini kwamba kila kilichomo kilikuwamo tangu mwanzo. Ufaransa ilitaifisha mali ya Kanisa mwaka 1789, Ureno ikazifuta nyumba za watawa wanaume mwaka 1834, Italia ikafanya hivyo kwa sheria ya mwaka 1866. Vitu vikatawanyika, kisha vikakusanywa katika nyumba chache zilizobaki. San Marco, nyumba ya watawa ya Florence, Italia, makumbusho tangu mwaka 1869, ina picha nyingi za mtawa mchoraji Fra Angelico zilizochorwa juu ya mbao, ghorofa ya chini, nyingi zikiwa zimetoka kwingine: ile ya Yesu kushushwa msalabani ilitoka kanisa la Santa Trinita. Zile za vyumba vya juu, vyumba zaidi ya 40, zilipakwa palepale zilipo. Kibandiko chochote kikisomwa, kitafutwe kwanza neno la mahali kitu kilikotoka, ndipo jina la msanii.

Vyumba hivyo vya San Marco vina shida moja ya macho. Kwa kawaida picha iko kwenye ukuta uleule wenye dirisha, kwa hiyo mwanga unakupiga usoni na picha inaonekana nyeusi. Simama kizingitini, kinga dirisha kwa kiganja, hesabu mpaka ishirini. Rangi zitatoka zenyewe.

Milano ndipo wageni hukosa zaidi, na hawana la kulaumiwa, kwa kuwa hupewa dakika 15 tu. Karamu ya Mwisho ya Leonardo da Vinci iko kwenye ukumbi wa chakula wa nyumba ya watawa ya Santa Maria delle Grazie, na watu huingia kwa vikundi kupitia milango inayofunguliwa kwa zamu. Sababu ni pumzi zetu: unyevu na vumbi vya nguo hudhuru rangi isiyoshika vizuri. Mchoraji wa fresko, picha ya ukutani, hupaka rangi lipu ingali mbichi. Chokaa ikikauka huvuta hewa ya ukaa, hugeuka jiwe na kuifunga rangi ndani. Kazi hiyo haisubiri, kwa maana kipande kilichopigwa lipu leo lazima kimalizwe leo. Leonardo alitaka kurudi na kurekebisha, akapaka juu ya ukuta mkavu. Picha ilianza kubanduka angali hai.

Sasa ninachoomba makala ziseme: dakika tatu kati ya zile 15, geukeni nyuma. Ukuta wa pili una Kusulubiwa kwa Yesu kwa Giovanni Donato da Montorfano, fresko ya mwaka 1495, rangi zake zikiwa zimeshika mpaka leo. Pembezoni chini kuna watu wa Sforza, ukoo uliotawala Milano, waliopiga magoti, walioongezwa juu ya lipu iliyokwisha kukauka. Hao wamebaki vivuli tu. Ukuta mmoja, chumba kimoja, mabomu yaleyale ya vita ya Agosti 1943: tofauti ni ubichi wa lipu. Hakuna mahali pengine ninapopajua panapoonyesha jambo hili wazi hivyo.

Colmar, Ufaransa, nako, katika iliyokuwa nyumba ya masista Wadominiko ya Unterlinden, altare ya Isenheim, yenye mbao zilizochorwa pande zote mbili, imetenganishwa vipande ili yote ionekane kwa pamoja. Zamani mabawa yake yalifunguliwa kwa awamu, kulingana na siku za ibada. Ilitengenezwa kati ya 1512 na 1516 kwa watawa waliouguza wenye ugonjwa uliotokana na ukungu wa nafaka, na ndiyo maana mchoraji wake, Grünewald, alimpa Kristo ngozi yenye vidonda. Zungukeni nyuma ya kila kipande. Anayetazama upande mmoja tu ameona nusu.

Mengine ni ya haraka. Thibitisheni siku ya kufunga. Makumbusho mengi Ulaya hufunga Jumatatu. Tiketi ya Milano inunuliwe mapema, haipatikani mlangoni kwa kubahatisha. Kanisa lililoungana na makumbusho mara nyingi bado linasalisha na lina mlango wake na saa zake, hivyo mabega na magoti yafunikwe hata kama makumbusho hayadai. Mavazi ya ibada na vitabu vya mkono huwekwa kwenye mwanga hafifu, lux 50 hivi kwa kipimo cha mwanga; msiondoke kwa kuona giza, subirini macho yazoee. Darubini ndogo ya kukuza mara 8 inatosha kwa dari na vichwa vya nguzo. Mabegi ya mgongoni yaachwe mapokezi: katika ujia mwembamba, ni begi linalokwangua ukuta, mwenyewe hana habari.

Kwa wasimamizi wa makumbusho nina ombi moja. Kwenye mlango wa kila chumba, juu ya namba, waandike jina la kazi yake ya zamani: jiko, wodi, ghala la nafaka, chumba cha wanovisi, watawa wanaoanza. Ni neno moja au mawili.

Na kwa waandishi wako, Mhariri: makala ijayo ikitaja San Marco, iwaambie wasomaji wapande ngazi polepole. Juu kabisa, mbele yao, ipo picha ya Malaika kumpasha Maria habari, na chini yake maandishi ya Kilatini yanayomwambia apitaye hapo asisahau kusema Salamu Maria.

Msomaji wako