Vijana wangu wa jogingi hapa Arusha, punguzeni kukimbizana

Wanangu, shikamoo zenu nimezipokea, marahaba. Naomba mnisome mpaka mwisho, hasa nyie mnaojiandaa na Kili Marathoni pale Moshi.

Hii jogingi ya Jumamosi ilianza vizuri sana, watu mnakimbia huku mnapiga stori, mama mtu mzima yupo, dogo wa chuo yupo, saivi imegeuka mashindano kila wiki, nani kamwacha nani kwenye kilima cha Ilboru, na aliyechelewa anachekwa kwenye grupu. Jamani, afya haidai hayo yote. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima dakika 150 mpaka 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki zinatosha, yaani hata nusu saa kwa siku 5, ule mwendo ambao kuongea unaweza ila kuimba huwezi. Uchambuzi mmoja wa 2017 uliokusanya tafiti nyingi ulikuta magoti au nyonga zilizosagika kwa watu 3.5 katika kila 100 wanaokimbia kujifurahisha, wasiokimbia kabisa 10.2, wa mashindano 13.3. Kwahiyo anayesema kukimbia kunaua magoti anakudanganya, na wewe unayekimbia kila siku kama unamfukuza Simbu unajidanganya mwenyewe, yule ni bingwa wa dunia wa marathoni wa 2025, kukimbia ndo kazi yake, ana kocha na siku za kupumzika zimepangwa, wewe umetoka dukani saa 3 usiku na saa 11 alfajiri uko kwenye lami.

Kinachonikosesha usingizi ni vidonge vya maumivu. Kuna kijana nimemkuta anameza diklofenaki mbili kabla ya kukimbia, eti goti lisimsumbue. Mwanangu, hayo maumivu ndo breki yako! Ukikimbia masaa mawili juani maji yanakuishia mwilini, damu inayofika kwenye figo inapungua, na hiyo dawa inaipunguza zaidi, watu wameharibu figo hivyohivyo.

Na nyie mabinti, hedhi ikikata miezi 3 kwasababu ya tizi kali na kula kidogo msidhani mmekuwa fiti, hapo mifupa inapungua nguvu, nendeni hospitali mapema.

Jumamosi ijayo saa 12 asubuhi saa za kupimia spidi ziachwe nyumbani, mwenye goti bovu atatembea na mimi, na akina mama wa mtaa wa Sakina ndo watakaa mbele, wao watapanga mwendo.