Mwanangu, kuhusu patasi yako iliyovunjika

Mikindani

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi wazima, ila mama yako bado analalamikia goti, na shamba haachi. Picha ya patasi yako imefika. Kijana wa jirani alinikuzia kwenye simu yake, nikavaa miwani, nikatazama pale ilipokatikia. Hata usingeandika neno ningejua ulichofanya.

Itazame tena ile sehemu iliyovunjika. Chembe zake ni kubwa, zinametameta kama sukari. Chuma kilichopata moto wa kadiri, kikivunjika, ndani huwa cha kijivu na laini, mithili ya kigae cha kikombe cha kaure. Chako kiliiva kupita kiasi. Na sababu naijua. Kwangu wewe ulikuwa mvukutaji. Tangu una miaka tisa umekaa nyuma ya mivukuto, mimi nafua, nasema "ongeza", nawe unaongeza. Upande wa fuawe, lile pande la chuma la kufulia juu yake, sikukusimamisha hata siku moja. Nyundo nilimpa kaka yako, ambaye leo anaendesha bodaboda na makaa hataki hata kuyasikia. Kosa ni langu. Leo uko peke yako huko Dar, na mkono wako umezoea kuongeza tu, kuacha haujui.

Kutumia tupa kuukuu ulichagua vizuri. Nondo ungeifua ikawa patasi nzuri ya kutazama, lakini haishiki makali hata uizamishe ikiwa nyekundu ili ikaze, mara mia. Tatizo ni kwamba meno ya tupa hukuyasaga, nayaona pale ubavuni. Kila mfereji wa jino ni mahali pa ufa kuanzia. Saga yote yaishe ndipo uipeleke motoni.

Ukimaliza kufua, usizamishe siku hiyo hiyo kwa pupa. Ipashe hadi iwe nyekundu, iweke kando ipoe yenyewe, halafu rudia, mara tatu. Nyundo huacha mikazo ndani ya chuma, na kupoa polepole ndiko kunakoitoa. Kisha ngoja jioni. Mchana, jua likipiga kibandani, chuma chekundu unakiona cheusi, unaendelea kuvukuta, na hapo ndipo kinapoungua. Chukua sumaku ya spika mbovu, ifunge kwenye waya, uiguse patasi kila ukiitoa. Chuma kikifika kama nyuzi 770 sumaku haikishiki tena. Ikishaacha kushika, hesabu pumzi chache, zamisha.

Usizamishe kwenye maji. Kwa kitu chembamba namna hiyo tumia mafuta, hata yale yaliyokwisha kukaangia mihogo, kwenye kopo la bati lenye kifuniko, maana yatawaka. Na uyapashe kidogo kwanza. Watu hudhani mafuta ya baridi ndiyo yanayopooza haraka. Sivyo, ya vuguvugu ni mepesi zaidi, yanauzunguka mwili wa chuma vizuri. Ingiza wima, ncha kwanza, usiipungepunge huku na huku, itapinda.

Sasa hapo ndipo wengi wanapofurahi. Unapitisha tupa nzima juu yake, inateleza kama juu ya chupa, unasema kazi imekwisha. Bado. Ikiwa vile ni ngumu lakini ni kama kioo. Nakuambia jambo ambalo sikuwahi kukusimulia. Ulikuwa msimu wa korosho, watu wana fedha, nina oda za shoka na mapanga hadi mlangoni. Alikuja mchongaji wa mpingo kutoka upande wa Newala akitaka tezo mbili, akazifuate kesho yake. Nilizizamisha usiku, nikaona zimekaza, nikampa bila kuzirudisha motoni. Mpingo unaujua ulivyo. Pigo la tatu au la nne, kona ya tezo ilikatika, kipande kikaruka kikampasua juu ya nyusi. Alikuja na kitambaa kichwani, akaiweka tezo juu ya fuawe mbele ya wateja, hakusema kitu. Nilimrudishia fedha yake na nauli. Kidole kimoja chini zaidi lingekuwa jicho. Kwa hiyo miwani ya kazi vaa, na usimcheke anayevaa.

Kurudisha motoni, ili chuma kisibaki kama kioo, ni hivi. Isugue kwa kinoo upande mmoja hadi ing'ae kama kijiko. Shika kwa koleo, pasha nyuma, upande wa mpini, mbali na makali, kwa moto mdogo, bila kuvukuta kabisa. Utaona rangi zinatembea kuelekea kwenye makali: kwanza njano ya ukili mkavu, kisha kahawia, kisha zambarau ya bilinganya, mwisho buluu. Kwa patasi, ile njano ikigusa makali tu, kama nyuzi 230, itie majini papo hapo, hapa maji hayana neno kwa kuwa si nyekundu tena. Tezo na shoka ziache zifike kahawia inayoanza kugeuka zambarau, kwa kuwa hizo zinapigwa. Ukiona buluu kwenye makali ya patasi umechelewa, izamishe upya. Rangi hizi huenda haraka kuliko unavyofikiri, hasa mwishoni.

Fuawe umesema unatumia kichwa cha injini. Kinafaa kwa sasa, ila kinavunjika. Unakumbuka yangu ni kipande cha reli, ile ya Waingereza ya mpango wa karanga, iliyotoka Mtwara kwenda Nachingwea na kung'olewa miaka ya 1960. Babu yako alikibeba begani, na kila alipohadithia safari ilizidi urefu. Mafundi wa majahazi hapa ufukweni wamekitaka mara nyingi, nimekataa. Nimekikata kati kwa msumeno, siku mbili nzima. Nusu ni yako.

Kimo ndani ya sanduku la mbao litakalokuja na basi la Jumatano, pamoja na tupa mbili mbovu, koleo la babu, na jani moja la springi ya lori kwa ajili ya tezo. Korosho zilizo juu ni za mama yako. Sanduku ni zito, tafuta mtu wa kukusaidia kushusha. Nauli ya mzigo nimeshalipa, konda asikutoze tena.

Ni mimi baba yako.