Damu ya haja kubwa ikikoma, bado nenda ukapimwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wasomaji wako waliowahi kuona damu wakati wa haja kubwa, ikakoma yenyewe, na mpaka leo hawajui ilitoka wapi. Ni wengi, na wengi wao hawajamwambia hata mke au mume. Miaka inapita, na kila wakienda chooni wanachungulia kwa hofu.

Kukoma kwa damu hakuthibitishi kwamba chanzo kimeondoka. Bawasiri huvuja, ikatulia kwa miezi, ikaanza tena. Vinyama vinavyoota ndani ya utumbo mpana hufanya vivyo hivyo. Vingi havina madhara. Vichache hugeuka saratani, na mabadiliko hayo kwa kawaida huchukua miaka mingi, mara nyingi 10 au zaidi. Ndiyo maana damu ya miaka miwili iliyopita bado inastahili kupimwa: kinyama kikikutwa mapema kwa kipimo cha kamera hukatwa papo hapo, na mara nyingi mambo huishia hapo.

Linaloniuma ni watu kujitajia ugonjwa wenyewe. Damu imeonekana, jirani anasema huo ni mgoro, yaani bawasiri, chupa ya mitishamba inanunuliwa, damu inakata, dawa inasifiwa. Mara nyingi ingekata hata bila dawa. Tena mtu anaweza kuwa na bawasiri ya kweli na wakati huohuo akawa na uvimbe huko juu. Kimoja hakizuii kingine.

Kabla ya kwenda hospitali, kumbuka damu ilikuwaje na uandike. Nyekundu mbichi, inayodondoka baada ya choo bila maumivu, mara nyingi ni bawasiri. Michirizi midogo pamoja na maumivu makali wakati choo kinapita huelekeza kwenye mpasuko wa njia ya haja kubwa, hasa kwa mwenye choo kigumu. Damu iliyochanganyika na choo, au yenye utelezi, huashiria tatizo lililo ndani zaidi: yaweza kuwa amiba, michubuko ya utumbo, au saratani. Choo cheusi kinachonata kama lami aghalabu hutokana na damu ya tumbo la juu, na hicho hakisubiri kesho. Taja pia dawa ulizokuwa ukimeza. Diklofenaki na aspirini huweza kusababisha damu. Vidonge vya madini ya chuma hufanya choo kiwe cheusi bila damu yoyote.

Kwetu Kanda ya Ziwa kuna kichocho cha tumbo, nacho hutoa damu. Mayai yake hayatoki kwa wingi uleule kila siku, kwa hiyo sampuli moja ya choo isiyo na mayai haitoshi kukutoa shaka. Peleka nyingine siku tofauti. Kikionekana, prazikwanteli hutolewa kwa uzito wa mwili, kwa kawaida miligramu 40 kwa kila kilo.

Kipimo kinachorukwa kuliko vyote hakihitaji mashine: kidole chenye glavu na mafuta ya kulainisha. Huchukua dakika moja, na uvimbe ulio karibu na njia ya haja kubwa huweza kuguswa hivyo. Ukiandikiwa dawa bila kuchunguzwa, sema kwa heshima, "Daktari, naomba unipime na kwa kidole." Omba pia wingi wa damu upimwe. Mwanaume aliye chini ya gramu 13 kwa desilita, au mwanamke aliyekoma hedhi akiwa chini ya 12, asiishie kupewa vidonge vya kuongeza damu tu.

Mwenye miaka 45 na kuendelea, au aliyekonda bila sababu, au ambaye choo chake kimebadilika kwa wiki kadhaa, au ambaye mzazi au ndugu yake aliugua saratani ya utumbo, aulizie kolonoskopi, yaani mpira mwembamba wenye kamera unaopitishwa kwenye njia ya haja kubwa kutazama utumbo mpana. Kijana anayetokwa damu mara kwa mara naye asirudishwe nyumbani kwa sababu ya umri wake.

Kipimo hiki huharibikia nyumbani, kwenye maandalizi. Vidonge vya madini ya chuma husimamishwa wiki moja kabla. Siku mbili tatu kabla, acha maharage, mboga za majani, mahindi na matunda yenye mbegu. Siku ya mwisho ni vinywaji vyepesi tu: maji, chai ya rangi, supu iliyochujwa. Dawa ya kusafisha tumbo, mara nyingi lita 2 hadi 4, hugawanywa: nusu jioni, nusu alfajiri, kwa saa ulizoelekezwa. Wengi huacha hiyo nusu ya pili kwa sababu inachefua, na mabaki ya choo hufunika vinyama vidogo. Endelea mpaka kinachotoka kiwe maji ya njano yasiyo na chembe. Anayetumia insulini au dawa za kuyeyusha damu apate maelekezo yake mapema, asiache dawa kwa uamuzi wake.

Damu nyingi, mabonge, kizunguzungu au moyo kwenda mbio: usingoje miadi, nenda sasa hivi.

Baada ya kipimo, omba ripoti ya maandishi. Iseme kama kamera ilifika mwanzo wa utumbo mpana, kama utumbo ulikuwa safi, na kama kuna kinyama kilichopelekwa maabara. Kama kipo, uliza tarehe ya majibu na uyafuate mwenyewe, kwa maana hapo ndipo wengi hupotea.

Tabibu,
Mwanza