Kukosa spea si sababu ya kufunga waya usio wake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe la moyoni kuhusu nyaya za pikipiki za zamani. Mimi ni fundi hapa Soni, wilayani Lushoto. Kazi yangu kubwa ni pikipiki ambazo vijana wa bodaboda hawana habari nazo: Yamaha AG100 na DT zilizowahi kutumiwa na mabwana shamba, Honda XL zilizotoka misheni, na mara chache BSA, pikipiki ya zamani ya Kiingereza, ambayo mtu ameachiwa na babu yake. Ni vyuma hasa. Vikitunzwa, vinapanda milima yetu na gunia la viazi nyuma. Lakini nyingi ninazoletewa zimeharibiwa na waya, au niseme wazi, na fundi aliyefunga waya usio wake.

Hivi karibuni mzee mmoja, bwana shamba mstaafu, alifika kwangu na AG100 yake imepakiwa kwenye Canter. Injini imenoki. Waya wa resi ulimkatikia safarini, akaenda kwa fundi wa huko alikokuwa, akaambiwa waya wa AG haupatikani tena, akafungiwa wa pikipiki ya Kichina. Pikipiki ikawaka, resi ikavutika vizuri, mzee akalipa akashukuru.

Sasa, waya wa resi wa AG100 si waya mmoja. Unatoka kwenye mkono wa resi, unaingia kwenye kidude cha kugawia, na hapo zinatoka nyaya mbili: mmoja unakwenda kwenye kabureta, wa pili unakwenda kwenye pampu ya oili. Yamaha wanauita mfumo huo Autolube, na walianza kuutumia mwaka 1964 ili mtu asihangaike kuchanganya oili na petroli kwenye tangi. Unavyovuta resi ndivyo pampu inavyofunguka na kuongeza oili. Yule fundi alifunga waya wa kabureta peke yake, pampu akaiacha imelala kwenye kiwango cha chini kabisa, kile cha injini ikiwa haina mzigo. Mzee akaanza kupanda kutoka Mombo, resi imefunguliwa, mkewe nyuma. Pistoni ilikamata kabla hawajafika Soni. Namshukuru Mungu walikuwa wanapanda mwendo mdogo, hakuna aliyeumia. Lakini silinda sasa lazima ichongwe, pistoni inunuliwe ya saizi ya juu, na gharama yake imeupita mbali waya ule. Mwenye AG100 au DT yenye pampu ya oili afungue kifuniko cha pampu avute resi huku akitazama. Kikapi cha pampu kisipozunguka pamoja na resi, asiende popote.

Kinachoniuma ni lile neno "spea haipatikani". Waya wa pikipiki hutengenezwa, Ndugu Mhariri. Ulikuwa ukitengenezwa mezani kwa fundi tangu enzi hizo, na hata leo vinavyohitajika ni waya mtupu, ganda (bomba la nje ambalo waya unapita ndani yake), vichwa vya shaba vya kuweka kwenye ncha za waya, risasi ya kuchomelea na moto wa kiasi.

Kwanza waya uliokatika usitupwe, hata ukiwa vipande viwili. Huo ndio kipimo. Pima urefu wa ganda, kisha pima waya unaobaki nje ukilisukuma ganda lote upande mmoja. Hicho kipimo cha pili ndicho chenye shughuli. Ukikosea hapo kwa sentimita mbili, hakuna skrubu ya kurekebishia itakayokuokoa. Unene nao una mahali pake: resi milimita 1.5 inatosha, klachi 2 hadi 2.5, breki ya mbele isipungue 2.5. Nimeona breki ya mbele imefungwa waya wa gia za baiskeli. Waya ule haukutengenezwa kubeba watu wawili na mzigo.

Pale pa kukatia pakwa risasi kwanza, ndipo ukate, nyuzi zisifumuke. Ganda, kofia za ncha, skrubu ya kurekebishia na kimpira cha kuzuia maji vyote viwe vimekwisha kuingia kabla hujachomelea kichwa cha pili, maana baadaye havina pa kupita. Kichwa cha shaba kina tundu lililopanuka mdomoni upande mmoja. Pitisha waya, chanua nyuzi zake kwenye mdomo huo, zigonge taratibu mpaka zijae. Risasi peke yake haibebi nguvu ya mkono. Zinazobeba ni hizo nyuzi zilizochanuka, na risasi kazi yake ni kuzishika zisirudi kwenye tundu. Paka dawa ya kuchomelea, yeyusha risasi kwenye kikopo cha chuma, chovya kichwa humo, subiri hadi risasi inyweke katikati ya nyuzi. Ikipoa, osha dawa yote kwa maji ya moto, kwani ikibaki hula waya polepole ndani kwa ndani.

Hapa nawasihi mafundi wenzangu: wekeni kando gesi ya kuchomelea fremu. Risasi ya kuchomelea yenye bati asilimia 60 na risasi halisi 40 huyeyuka kabla ya kufika nyuzijoto 200. Mwale wa gesi unapita hapo mara nyingi, waya unageuka rangi ya bluu, ugumu wake unakwisha, na utakatika palepale jirani na kichwa chako kizuri. Vilevile kuna waya wa chuma kisichoshika kutu. Unang'aa na wateja wanaupenda, lakini kwa dawa ya kawaida risasi haiushiki sawasawa. Asiye na dawa yake maalumu auache.

Waya ukishakuwa tayari, bana kichwa kwenye jiliwa uvute kwa uzito wako wote. Kama utachomoka, uchomokee gerejini.

Nasema hivyo kwa sababu ya breki. Kuna tabia imeenea ya kuunganisha waya wa breki uliokatika kwa kile kiunganishi cha skrubu cha mafundi umeme. Kwenye klachi, mtu akikwama porini, nitamwelewa, afike nyumbani kisha atengeneze. Kwenye breki sikubali hata kwa kilomita moja. Mkono wa breki ni wenzo, nguvu ya vidole inafika kwenye waya ikiwa imeongezeka mara kadhaa, na skrubu ile inashika nyuzi mbili tatu za juu tu. Anayeijua barabara ya Soni kwenda Mombo, yale makona na korongo pembeni, anajua nina maana gani.

Na ganda lisidharauliwe. Mfumo huu, ambao Ernest Bowden aliupatia hataza Uingereza mwaka 1896, unafanya kazi kwa sababu waya unavuta huku ganda likisukuma kwa nguvu ileile. Ganda lililokunjika, au lisilo na kofia za chuma kwenye ncha, hujikunyata kila unapobana breki. Mwenye pikipiki analalamika breki laini, anabadilishiwa viatu vya breki, anatoa hela, na breki inabaki laini vilevile.

Wengi huniuliza kwa nini waya wao wa klachi unakatikia juu, kwenye mkono, kila baada ya muda mfupi. Nikitazama nakuta kichwa kimekwama kwa kutu na vumbi. Kichwa kile kinapaswa kuzunguka ndani ya tundu lake kila unapobana. Kisipozunguka, waya ndio unaopinda, leo nyuzi moja inakatika, kesho nyingine. Kipake grisi, na ukichomelea kichwa kipya kipige tupa mpaka kizunguke chenyewe. Maji nayo huingilia hapohapo juu, na huku kwetu mvua na ukungu havina msimu. Kwa ganda la zamani lisilo na plastiki ndani, ning'iniza waya wima, funga kipande cha tyubu juu yake, mimina oili nyepesi, uache usiku kucha hadi itokee chini. Maganda mapya yenye plastiki ndani yasijazwe grisi, yanateleza yenyewe.

Kwa resi kuna kipimo kimoja ambacho kila mtu anaweza kukifanya nyumbani. Washa injini, iache ikiunguruma bila kuvuta resi, geuza usukani kushoto mpaka mwisho, kisha kulia. Mlio ukipanda, waya ni mfupi au umepitishwa vibaya. Na uzi mmoja ukishafumuka, usingoje ukatike wote. Resi za nyingi kati ya pikipiki hizi zinarudishwa na springi iliyo ndani ya kabureta peke yake, hakuna waya wa pili wa kuzirudisha. Uzi uliofumuka ukinasa kwenye ganda, resi inabaki wazi, nawe uko kwenye kona.

Nina ombi kwa wafanyabiashara wa spea wa Kariakoo na wa mikoani. Leteni waya kwa rola, wa milimita 1.5, 2 na 2.5, ganda la kukatwa kwa mita, kofia za ncha, na vichwa vya shaba vya duara na vya umbo la pipa. Si vitu vya bei kubwa wala havijazi duka, na sisi mafundi wa wilayani tutavinunua. Walimu wa vyuo vya ufundi nao nawaomba wamweke kila kijana mbele ya jiliwa atengeneze waya wa breki kwa mkono wake, uvutwe mbele ya wenzake. Asubuhi moja inatosha. Kijana atakayefika Soni mlango wangu uko wazi, meza ipo, na vipande vya waya vya kujifunzia ninavyo.

Fundi pikipiki,
Soni, Lushoto.