Gari la Spoti la Milango Miwili kwa Matumizi ya Kila Siku Malindi: Ukaguzi Uanzie Chini

Mtu anayeishi Malindi anaweza kununua gari la spoti la milango miwili lililokwisha kutumika, akalifanya ndilo gari lake la kazini, la sokoni na la kwenda Mombasa mwisho wa wiki, wala asijute. Wengi wanaofika gerejini kwetu kuuliza kuhusu magari haya huanza na injini: ina nguvu kiasi gani, inakula mafuta vipi, imetembea kilomita ngapi. Maswali hayo ni ya haki, lakini kwa mazingira ya pwani yetu kinachoamua kama gari litadumu ni sehemu ambayo mnunuzi haioni anapolizunguka kwenye yadi, nayo ni upande wake wa chini.

Tuchukue Toyota 86 na pacha wake Subaru BRZ, ambayo yaliingia sokoni mwaka 2012. Kutoka ardhini hadi sehemu ya chini kabisa ya gari hilo kuna milimita 130 hivi, na kati ya gurudumu la mbele na la nyuma kuna milimita 2570. Kwa hiyo tuta lenye mgongo mkali linaweza kupitwa salama na magurudumu ya mbele, kisha likakwangua katikati, hasa siku ambayo dereva amepakia abiria na mizigo na springi zimeshuka. Anayejua barabara ya kutoka Mombasa, yenye kilomita 120 hivi kupitia Kilifi, Tezo, Matsangoni na Gede, hahitaji kuelezwa habari za matuta.

Tukilipandisha gari juu, tunatafuta mikwaruzo kwenye kinga ya plastiki iliyo chini ya injini, kwenye bomba la ekzosi na kwenye sampu, yaani bakuli la oili lililo chini ya injini. Plastiki iliyokwaruzika si neno. Sampu iliyobonyea ni jambo la kusimamisha mazungumzo ya bei, kwa sababu mdomo wa bomba linalofyonza oili uko karibu sana na sakafu ya sampu, na chuma kikisukumwa juu hata kidogo, oili hupita kwa shida. Tunaangalia pia kama springi ni zile za kiwandani. Aliyezikata ili gari liwe chini zaidi amelipendezesha machoni, lakini amemwachia mnunuzi shoki zilizochoka na bushi zilizopasuka. Kwa maoni yetu gari la namna hiyo lisinunuliwe kwa matumizi ya kila siku, hata likiuzwa kwa bei ya kutupa.

Chumvi hufanya kazi polepole kuliko matuta, na haichagui gari la bei gani. Gari lililokuwa likilala karibu na ufuo, ambako upepo wa kusi huleta rasharasha za bahari miezi mingi ya mwaka, huanza kuliwa kwenye mabomba ya breki, kwenye boliti za ekzosi na kwenye viungo vya nyaya za umeme, ambapo shaba hugeuka kijani. Mahali pengine pa kutazama ni kondensa, sehemu inayopoza gesi ya kiyoyozi, ambayo kwenye magari haya hukaa chini mbele, ikipokea mchanga na kokoto. Mara nyingi ukigusa mapezi yake kwa kidole hupukutika kama majivu, na hapo ujue kiyoyozi hakina maisha marefu. Katika joto la Februari, ndani ya gari lenye kioo kikubwa kilicholala na viti vyeusi, kiyoyozi si anasa.

Wauzaji hupenda kusema kwamba gari lilikuwa linaoshwa kila siku. Muulize muuzaji lilioshwa kwa maji gani. Visima vingi vya hapa kwetu vina maji ya chumvichumvi, na anayelimwagia gari maji hayo kila asubuhi analiongezea chumvi badala ya kuiondoa. Maji ya mfereji yanayotoka Baricho ndiyo yanayofaa, na yapelekwe chini ya gari na ndani ya matao ya magurudumu, si kwenye boneti pekee.

Kuhusu matairi tuseme machache. Tairi la 215/45 la rimu ya inchi 17 lina ukuta wa takriban milimita 97 tu, kwa hiyo shimo ambalo gari la kawaida hulimeza linaweza kupinda rimu ya gari hili. Tunazungusha kila rimu tukiitazama kwa ndani, na tunasoma tarakimu nne za mwisho kwenye alama ya DOT iliyo ubavuni mwa tairi: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lenye meno mazuri lakini lililozeeka kwa jua huwadanganya wengi.

Injini sasa. Mwishoni mwa mwaka 2018 ulitangazwa mwito wa kurejesha BRZ na 86 zilizotengenezwa miaka ya mwanzo, ili springi za valvu zibadilishwe, kazi inayohitaji injini kushushwa. Kwa gari la mwaka 2012 au 2013, omba ushahidi wa maandishi kwamba kazi hiyo ilifanywa, na ilifanywa na nani. Mlio mwembamba unaosikika injini ikiwa imetulia aghalabu hutoka kwenye pampu ya mafuta ya shinikizo kubwa, na wenye magari haya wameuzoea. Ufahamu pia kwamba injini yake imelala ubavu, plagi ziko pembeni karibu na bodi, hivyo kuzibadilisha huchukua muda na gharama ya ufundi hupanda.

Mazda RX-8, iliyotengenezwa kati ya 2003 na 2012, ni gari tamu kuendesha, lakini hatuipendekezi kwa mkazi wa mji mdogo. Injini yake ya kuzunguka (rotary, isiyo na pistoni za kupanda na kushuka) huchoma oili kwa jinsi ilivyoundwa, na haipendi kuwashwa, kusogezwa mita chache na kuzimwa kabla haijapata moto. Safari zetu nyingi, kutoka nyumbani hadi msikitini au sokoni, ni za namna hiyo hasa.

Kumbuka vilevile kwamba Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka 8. Magari ya toleo la 2012 yanayouzwa sasa yamekwisha kupita mikononi mwa watu hapa hapa nchini, kwa hiyo historia yake inaweza kufuatiliwa. Kabla ya kutoa hata malipo ya awali, tafuta rekodi ya gari kwa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kupitia tovuti ya eCitizen, uone jina la mwenye gari na kama kuna benki iliyoandikwa pamoja naye. Spea nazo zifikiriwe mapema, maana nyingi hazipatikani Malindi. Huagizwa Mombasa au Kirinyaga Road, Nairobi, na kuletwa kwa basi.

Ukaguzi wetu kabla ya ununuzi hufanyika gari likiwa juu ya lifti, na mnunuzi anakaribishwa kusimama chini yake pamoja na fundi. Tunasoma kompyuta ya gari, tunapima unene wa rangi ili kugundua bodi iliyopigwa, kisha tunaliendesha ili kujaribu klachi, gia na breki. Tunaomba gari lifike asubuhi kwa miadi, injini ikiwa baridi. Muuzaji akilileta likiwa tayari na moto, tutamwomba aliache hadi lipoe, kwa kuwa kuna milio na moshi ambao huonekana katika dakika za kwanza tu baada ya kuwashwa.