Barua kwa mwanangu aliyehamia Walukuba

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka Tororo. Huku hatujambo, mvua imeanza na mihogo imeshika.

Nimesikia kwamba wewe na vijana wenzako wa Walukuba mnataka kuunda kundi la kusaidia majirani, na tayari mnachanga pesa za fulana. Fulana zingoje. Mtaa huo ulijengwa kwa ajili ya wafanyakazi walioitwa Jinja na viwanda pamoja na bwawa la Owen Falls, lililofunguliwa mwaka 1954. Watu walitoka kila upande, ukoo wakauacha mbali, na hadi leo mtu akiugua hapo wa kwanza kumfikia ni mpangaji wa mlango wa pili. Kwa hiyo hamwanzishi jambo jipya; mnaingia kwenye kazi inayoendelea, na ina ufundi wake. Kabla hujamsaidia mtu, jiulize msaada wako utakwama wapi ukishaondoka.

Chukua maji. Jerikani la lita 20 likijaa lina kilo 20 na zaidi kidogo. Kijana analibeba kutoka bombani, analiweka mlangoni kwa bibi, anashukuriwa, anakwenda. Bibi hawezi kuliinua wala kuliinamisha, basi anabaki na maji asiyoweza kuyatumia mpaka mtoto wa mtu apite. Mpelekee katika majerikani ya lita 5, au mmiminie hapo hapo kwenye ndoo yenye mfuniko, umwekee na kikombe cha mkono mrefu cha kuchotea. Chungulia pia ndani ya jerikani lake. Likiwa na utelezi wa kijani, tia konzi mbili za changarawe ndogo, sabuni ya unga kidogo na maji nusu lita, litikise kwa nguvu kila upande, kisha suuza mpaka maji yatoke safi. Lililowahi kuwekwa mafuta ya taa au dawa ya mimea halisafishiki, tafuta lingine.

Chakula ndipo wengi wanapokosea. Mama aliyejifungua analetewa kilo 2 za maharage makavu, na nia ni njema, lakini maharage hayo yanataka saa mbili au tatu motoni, na makaa ndiyo hasa aliyokosa. Yaloweke usiku kucha, mwaga maji hayo, yachemshe kwako mpaka yaive, umpelekee ya kuunga tu. Au peleka makaa yenyewe. Kilo 1 ya posho, yaani unga wa mahindi, inatosha watu wazima wanne au watano kwa mlo mmoja, kwa hiyo nyumba ya mama na watoto watatu haihitaji gunia. Inahitaji kilo 1 leo na nyingine kesho kutwa, kutoka mlango mwingine. Pangeni zamu ya nyumba tano, la sivyo siku ya kwanza zitaingia sufuria sita na siku ya nne hata moja haitaonekana. Halafu kuna bakuli. Mtu haoni vyema kurudisha chombo cha jirani kikiwa kitupu, na ukikiacha kwake umemwachia deni la kukijaza. Hamishia chakula kwenye sufuria yake, ondoka na bakuli lako. Na usimwambie "ukihitaji chochote niambie". Hatakuambia. Uliza "nilete makaa au sabuni?" naye atachagua.

Mtoto wa jirani akiharisha, ORS, ile chumvi ya kuchanganya na maji ya kunywa, inapatikana duka la dawa, na wahudumu wa afya wa kijiji, wale VHT, mara nyingi huwa nayo. Isome pakiti: nyingi ni za lita 1, na kosa la kawaida ni kuigawa kwa kukisia kwenye vikombe. Mchanganyiko ukizidi ukali unamdhuru mtoto. Pima chupa mbili za nusu lita za maji safi, tia pakiti nzima, mnyweshe kijiko kimoja kimoja. Akitapika, ngoja dakika 10 kisha endelea polepole zaidi. Yaliyobaki baada ya saa 24 yamwagwe. Akishindwa kunywa, macho yakizama au choo kikiwa na damu, hapo ujirani hautoshi. Iteni boda, mtoto afike kituo cha afya.

Kuna wema unaotaka macho tu. Ruzuku ya wazee ya serikali ya Uganda, iitwayo SAGE, ni shilingi 25,000 kwa mwezi, na ilipoenezwa nchi nzima umri uliwekwa kuwa miaka 80, nao husomwa kwenye kitambulisho cha taifa. Wazee wengi waliandikiwa tarehe ya kuzaliwa kwa kukisia, wakapunguziwa miaka. Kaa na mzee, kisome kitambulisho kwa sauti, na kama miaka yake haiendani na umri wa mtoto wake wa kwanza, msindikize ofisi ya wilaya ya NIRA, wale wanaotoa vitambulisho, akaombe marekebisho, akiwa na cheti cha ubatizo au karatasi yoyote ya zamani. Ukimsaidia na simu, namba ya siri abonyeze mwenyewe, nawe utazame pembeni. Ukimtumia pesa, ongeza ya kutolea pamoja na ile kodi ya asilimia 0.5 inayokatwa wakati wa kutoa, kwani elfu kumi iliyotumwa kavu haifiki elfu kumi mkononi.

Mitaro isafisheni kabla ya mvua za Machi na kabla ya zile za Septemba, na mwenyekiti wa LC1, baraza la mtaa, ajue mapema ili awatangazie wengine. Kinachoharibu kazi hii ni tope linaloachwa ukingoni likauke. Mvua ya kwanza inalirudisha lote pamoja na kavera zake, ile mifuko ya plastiki. Msishike jembe kabla hamjapata wilibaro na mahali pa kulimwaga siku hiyo hiyo.

Kuhusu misiba sina mengi. Mabugo, ule mchango wa rambirambi, watu hutoa, viti na turubai hupatikana. Upungufu huanza wageni wakishaondoka: sufuria za kuazima hazijaoshwa, kuni zimekwisha, watoto hawajarudi shule. Nguvu zenu ziwekeni wiki ya pili. Daftari la michango alishike mtu mmoja na pesa azishike mwingine, jumla isomwe mbele ya wote, lakini nani ametoa ngapi kisitajwe, maana aliyetoa mia tano leo ndiye mtakayemhitaji kesho kubeba maji.

Mama yako