Uchafuzi na magonjwa ni habari moja

Mheshimiwa Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua nieleze jambo ambalo limenikaa moyoni kwa muda mrefu. Katika magazeti yetu, habari za magonjwa na chanjo huandikwa kwenye ukurasa wa afya, na habari za moshi, maji machafu na taka za viwandani huandikwa kwenye ukurasa wa mazingira, kana kwamba mwili unaougua na mwili unaovuta moshi ni miili miwili tofauti. Mimi ni fundi sanifu wa maabara, na kazi yangu ya kila siku ni kupima damu. Niliyoyasoma katika majarida ya kisayansi kwa muda wa miaka kumi na mitano iliyopita yamenishawishi kwamba habari hizo ni moja. Sumu nyingi zilizomo katika hewa, maji na vitu tunavyotumia haziui kwa kishindo; huipunguzia kinga ya mwili nguvu yake kidogo kidogo, na maradhi yanapofika hukuta walinzi wamekwisha kuchoka. Kwa sababu hiyo naamini kwamba viwango vya usalama vya kemikali vinapaswa kuwekwa kwa kuangalia kwanza kinga ya mwili, bila kungoja mpaka watu waugue au wafe ndipo tuhesabu.

Nianze na jambo linaloonekana kwa macho. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia cha mjini New York, wakiongozwa na Donna Farber, walichapisha matokeo ya uchunguzi wa tezi za limfu za watu 84, wenye umri wa miaka 11 hadi 93, ambao viungo vyao vilitolewa baada ya kufariki ili vipandikizwe kwa wagonjwa. Tezi za limfu ni vituo ambamo seli za kinga hukutana, hupashana habari za vijidudu vilivyoingia mwilini na kujipanga kupambana navyo. Watafiti waliona kwamba tezi za utumbo zilikuwa na rangi yake ya kawaida, ilhali tezi za mapafu za watu wazima zilikuwa nyeusi, na weusi huo ulizidi kadiri umri ulivyozidi, hata kwa watu wasiovuta sigara. Weusi wenyewe ulikuwa chembechembe za hewa chafu zilizomezwa na makrofaji, yaani zile seli kubwa ambazo kazi yake ni kumeza vijidudu na mabaki. Makrofaji zilizojaa chembechembe hizo zilikuwa zimepungukiwa na uwezo wa kumeza, na hata ishara zake za kuziita seli nyingine zilikuwa zimebadilika. Tumezoea kusema kwamba wazee hushambuliwa zaidi na maradhi ya mapafu kwa sababu ya uzee. Sasa inatupasa tuulize ni sehemu gani ya udhaifu huo inayotokana na miaka, na ni sehemu gani inayotokana na moshi waliouvuta katika miaka hiyo.

Swali hilo lina uzito kwa sababu Shirika la Afya Duniani, lilipopitia upya miongozo yake mwaka 2021, lilishusha kiwango cha wastani wa mwaka cha vumbi laini, lile lenye chembe zisizozidi upana wa mikromita 2.5, kutoka mikrogramu 10 hadi mikrogramu 5 katika kila mita moja ya ujazo wa hewa. Kwa makadirio ya shirika hilo, asilimia 99 ya watu duniani huvuta hewa inayopita kiwango hicho. Ukiyaweka maneno hayo kando ya zile tezi nyeusi, utaona kwamba tunazungumzia karibu kila mtu.

Mfano wa pili ndio ulionibadilisha fikra zaidi, kwa sababu unahusu kazi ninayoifanya kwa mikono yangu. Kemikali za jamii ya PFAS hutumika kuzuia maji, mafuta na madoa yasishike kwenye nguo, vifungashio na vyombo, na pia huwekwa katika povu la kuzimia moto. Kaboni na florini zilizomo ndani yake zimeshikana kwa nguvu kiasi kwamba kemikali hizo hudumu muda mrefu sana katika udongo na maji, na baadhi yake hukaa katika damu ya binadamu kwa miaka. Mwaka 2012 mtafiti Philippe Grandjean na wenzake walichapisha utafiti uliofuatilia watoto 587 wa Visiwa vya Faroe, vilivyo kaskazini mwa bahari ya Atlantiki, waliozaliwa kati ya mwaka 1997 na 2000. Hawakungoja watoto waugue. Walichukua chanjo za pepopunda na dondakoo, ambazo watoto hupewa kwa utaratibu mmoja, wakazigeuza kuwa kipimo: walipima kiasi cha PFAS katika damu ya mtoto akiwa na umri wa miaka 5, kisha wakapima kingamwili, yaani protini za damu zinazopambana na vijidudu, alizozitengeneza kutokana na chanjo, hadi alipofika miaka 7. Katika hesabu yao ya jumla, mtoto mwenye PFAS mara mbili ya mwenzake alikuwa na kingamwili pungufu kwa takriban asilimia 49. Baadhi ya watoto walikuwa wameshuka chini ya kiwango kinachohesabiwa kuwa kinamkinga mtu, ingawa walichanjwa kikamilifu, na uwezekano wa kushuka hivyo uliongezeka kadiri kemikali zilivyoongezeka katika damu.

Naomba nisieleweke vibaya hapa. Utafiti huo hautoi sababu yoyote ya kuikataa chanjo. Unatuonyesha kwamba chanjo, ambayo ni miongoni mwa kazi bora kabisa zilizowahi kutoka maabara, inaweza kupunguziwa nguvu na kemikali ambayo mtoto hakuiomba na mzazi wake hawezi kuiona, na anayeithamini chanjo ana wajibu wa kuilinda dhidi ya hujuma hiyo.

Mtu makini atauliza, na ana haki ya kuuliza, kama watoto wale hawakutofautiana na wenzao kwa jambo jingine lisilohusiana na PFAS. Ndipo wanyama wa maabara wanapohitajika, kwa kuwa kwao dozi hujulikana na mambo mengine yote hulinganishwa. Panya waliopewa kemikali mbili za jamii hiyo, PFOA na PFOS, kisha wakachomwa sindano ya chembe nyekundu za damu ya kondoo ili kuiamsha kinga yao, walitoa mwitikio hafifu wa kingamwili kuliko panya wasiopewa. Mwaka 2016 Mpango wa Taifa wa Sumu wa Marekani ulipima ushahidi wa pande zote mbili, wa wanyama na wa binadamu, ukahitimisha kwamba kemikali hizo mbili zichukuliwe kuwa ni hatari kwa kinga ya binadamu. Mwaka 2020 Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilichukua hatua ambayo mimi naiona ni ya kihistoria: iliweka kiwango cha nanogramu 4.4 kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa wiki, kwa jumla ya kemikali nne za PFAS, na athari iliyouongoza uamuzi huo ilikuwa kupungua kwa mwitikio wa chanjo. Nanogramu moja ni sehemu moja ya bilioni ya gramu. Kiwango kidogo namna hiyo kisingefikiriwa kama wataalamu wangeendelea kungoja ini liharibike au saratani ionekane.

Na saratani yenyewe imeanza kutueleza habari ileile. Mwaka 2023 watafiti wa Taasisi ya Francis Crick ya London, wakiongozwa na Charles Swanton, walichapisha katika jarida la Nature uchunguzi wa swali la siku nyingi: kwa nini watu wasiovuta sigara hupata saratani ya mapafu mahali penye hewa chafu, ilhali vumbi laini halionekani kuharibu jeni moja kwa moja kama sigara? Walichunguza vipande vya mapafu yasiyo na saratani kutoka kwa watu 295, wakakuta mabadiliko ya jeni yanayohusishwa na saratani, ya aina ya EGFR katika asilimia 18 ya sampuli na ya aina ya KRAS katika asilimia 53. Kwa maneno mengine, wengi wetu tumebeba seli zenye kasoro ambazo zimelala tu. Katika panya, vumbi lilipoingia mapafuni liliwachokoza walinzi walewale, makrofaji, wakamwaga protini iitwayo intalukini-1 beta, ambayo huleta mchochota, yaani hali ya kuwaka na kuvimba, katika tishu, na mchochota huo ndio ulioziamsha seli zilizolala zikaanza kukua kuwa uvimbe. Panya waliopewa dawa ya kuizuia protini hiyo wakati wanavuta vumbi walipata uvimbe mchache. Wazo kwamba kitu kinaweza kuamsha saratani bila kuianzisha si jipya. Mtafiti wa saratani Isaac Berenblum alilionyesha kwenye ngozi ya panya katika miaka ya 1940. Kilichochukua miaka themanini ni kulileta mpaka kwenye hewa tunayoivuta.

Mheshimiwa Mhariri, nikitaka habari hizi ziandikwe kwa wingi, nataka pia ziandikwe kwa uangalifu. Chukua suala la plastiki ndogondogo. Mwaka 2024 watafiti nchini Italia waliripoti kwamba, katika wagonjwa 257 waliofanyiwa upasuaji wa kuondoa mafuta yaliyoganda kwenye mshipa wa shingo, wale ambao mafuta yao yalikutwa na plastiki walipata shambulio la moyo, kiharusi au kifo mara nne na zaidi ya wenzao katika muda wa takriban miezi 34. Matokeo hayo yanatisha, na yanastahili kufuatiliwa. Hata hivyo, hayathibitishi kwamba plastiki ndiyo iliyosababisha, na anayefanya kazi ya maabara anajua ugumu wa kipimo chenyewe: mirija yetu ni ya plastiki, vumbi la chumba lina nyuzi za nguo za plastiki, na mafuta ya mwilini yakichomwa ndani ya mashine yanaweza kutoa alama zinazofanana na za polithini, plastiki ya kutengenezea mifuko. Msomaji akielezwa hayo hawezi kuidharau sayansi. Ataiheshimu zaidi kuliko akitishwa leo na kukanushiwa kesho. Kila habari ya maabara iseme kama aliyepimwa ni binadamu, panya au seli zilizooteshwa kwenye kisahani, walikuwa wangapi, na dozi ilikuwa kiasi gani ikilinganishwa na ile tunayokutana nayo katika maisha.

Tena habari hizo zisiishie kwenye hofu, kwa sababu maabara hizohizo zinatafuta njia ya kutusafishia. Mkaa maalumu wa kuchujia huzinasa vizuri kemikali za PFAS zenye mnyororo mrefu wa kaboni, ingawa zile za mnyororo mfupi huponyoka kwa urahisi zaidi, na kinachonaswa hakijateketezwa bado. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Northwestern nchini Marekani, wakiongozwa na William Dichtel, walionyesha kwamba kundi moja la kemikali hizo linaweza kuvunjwa kwa kuchemshwa katika kiyeyushi kiitwacho DMSO pamoja na hidroksidi ya sodiamu, ile inayotumika kutengenezea sabuni, kwa joto la nyuzi 80 hadi 120 za Selsiasi tu. Walikishambulia kichwa cha molekuli, ambacho ni dhaifu, na mkia wake ulioshikana kwa nguvu ukavunjika baada ya hapo. Njia hiyo haikufaa kwa PFOS, ambayo ina kichwa cha aina nyingine, kwa hiyo kazi bado ipo.

Kwa wanaosema kwamba udhibiti hauleti tofauti, madini ya risasi yanatosha kuwajibu. Risasi ilianza kutiwa katika petroli miaka ya 1920. Mwishoni mwa miaka ya 1970 watoto wadogo wa Marekani walikuwa na wastani wa mikrogramu 15 hivi za risasi katika kila desilita ya damu. Leo wastani huo uko chini ya mikrogramu 1. Nchi ya mwisho kuacha kuuza petroli ya magari yenye risasi, Algeria, iliacha mwaka 2021, yaani takriban miaka mia moja tangu sumu hiyo ianze kuuzwa. Muda wa namna hiyo hatuwezi kuwapa tena watengenezaji wa sumu nyingine.

Ombi langu kwa wenye mamlaka ya afya, popote walipo, ni dogo na linawezekana. Mara kwa mara mataifa hupima kingamwili za watoto ili kujua kama kampeni za chanjo zimefanikiwa. Mtoto akishachomwa sindano ya kutolewa damu siku hiyo, mrija mmoja wa damu huachwa ugande ili upatikane ute wa damu, yaani seramu, wa kupimia kingamwili, na ute huohuo unafaa kupimia PFAS. Mrija wa pili, usio na uchafu wa madini na wenye dawa ya kuzuia damu isigande, unatosha kupimia risasi, ambayo hujificha ndani ya chembe nyekundu. Ni mikrogramu na nanogramu ngapi zilizomo katika damu ya watoto ambao chanjo haikuwashika vizuri? Sindano ya kujibu swali hilo imekwisha kuchomwa. Kilichobaki ni mrija mmoja zaidi na fomu moja inayoyaweka majibu yote mawili katika ukurasa mmoja.

Wako mtiifu,
Fundi sanifu wa maabara, msomaji wako wa siku nyingi